Kitambaa cha Meza cha Mabaki: Somo la Ushoni kwa Darasa la Sita

Mwalimu-mwanafunzi anayepangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule za pwani, kama vile Saadani na vijiji vya jirani, mara nyingi hulalamika kwamba ushoni haufundishiki kwa sababu shule haina vitambaa. Hatukubaliani naye. Chini ya cherehani ya fundi wa kijiji hapakosi mabaki ya khanga na vitenge, ambayo hufagiliwa jioni na kutupwa. Hayo yatosha kushonea kitambaa cha meza chenye tabaka tatu: uso wa vipande, ujazo katikati na bitana chini.

Hata hivyo, kuna kikwazo ambacho maandalio ya somo hayakionyeshi. Mtoto akisikia neno kiraka hukumbuka kaptura yake mwenyewe na kicheko cha wenzake. Tumepata kuona darasa zima likinyamaza mabaki yalipomwagwa mezani. Ndiyo sababu twashauri somo lianze na khanga yenyewe. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa mwambao walinunua leso za mraba zilizokuwa bado hazijatenganishwa, wakazikata tatu tatu, kisha wakaunganisha safu mbili hata wakapata vazi la leso sita. Neno leso lina asili ya Kireno, na hata leo Mombasa khanga huitwa leso. Mtoto akifahamu kwamba vazi la mama yake lina nasaba ya vipande vilivyounganishwa, hushika sindano kwa moyo mwingine.

Mabaki yatoke kwa fundi, wala mwanafunzi asiagizwe kuleta kitambaa kutoka nyumbani. Tulikosea hivyo mwaka mmoja, na msichana mmoja akaja na pembe ya khanga ambayo mama yake hakuwa ameivaa bado. Doti ikaharibika, nasi tukaenda kuomba radhi mlangoni.

Vipande vifuliwe kwanza ili rangi inayochuja ichuje na kitambaa kinachorudi kirudi, kisha vipigwe pasi. Mwalimu achome uzi mmoja wa kila kipande asichokijua: uzi wa pamba huacha majivu, uzi wa nailoni au poliesta hujikunja ukawa kidonge kigumu. Hicho cha pili kisitumike, kwani sufuria ya moto itakiyeyusha.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo roho ya somo. Twataka miraba 12, minne kwa mitatu, kila mmoja ukionekana wa sentimeta 10. Kila upande sharti uongezwe sentimeta 1 ya mshono. Kwa hiyo tukate sentimeta 12. Uso utaonekana sentimeta 40 kwa 30, mbali na pindo. Wengi hukata 10 kamili. Msiwakemee; waacheni vikundi viwili washone hivyo, kisha wapime: watapata 32 kwa 24, yaani eneo la sentimeta za mraba 768 badala ya 1,200. Hakuna maelezo ya ubaoni yatakayowafundisha posho ya mshono kuliko upungufu huo wa 432.

Anayetaka tanga la ngalawa akate mraba wa sentimeta 13.5, aupasue kwa mshazari, aunganishe pembetatu mbili za rangi tofauti, kisha apunguze hadi 12. Mshazari huvutika, basi asiuvute anaposhona.

Vipande vipangwe vyote juu ya mkeka kabla ya uzi kupita. Hapa ndipo mwalimu anapopaswa kujizuia. Akitundika kitambaa chake ukutani na kuamuru kiigwe, atapata nakala 40 mbovu. Mabaki hayafanani, na kazi zake nazo zisifanane. Jambo moja tu akague: maneno ya khanga yaliyokatwa. Nusu ya jina la khanga hii ikikaa kando ya nusu ya ile, huweza kuzaa tusi ambalo hakuna aliyelikusudia.

Safu zikishaunganishwa, tandaza bitana, juu yake ujazo, kisha uso, upige bandi kuanzia katikati kwenda pembeni ili mikunjo isinaswe. Blanketi kuukuu ndilo ujazo mwepesi kwa watoto. Sufi hupatikana pwani, lakini huhama na kufanya mafundo. Mistari ya mshono isiachane zaidi ya sentimeta 5. Shona kwa bandi ndogo ndogo kupitia tabaka zote, kisha zungusha pindo la ukanda wa sentimeta 4, na ufumue bandi za mwanzo.

Katika kusahihisha, geuza kitambaa utazame bitana kwanza. Toa alama kwa mishono iliyolingana na pembe zilizokutana. Rangi usizitolee alama. Mtoto alishona alichopewa na fundi.