Mwenzi wako yuko ng'ambo? Anza kutunza rekodi za pesa leo

Mume yuko Uingereza, mke amebaki Wote na watoto. Kila mwisho wa mwezi pesa inaingia kwa simu: ya unga, ya shule, ya kulipa vibarua wa shamba. Siku ya kuomba viza ya familia ikifika, wengi hukimbilia picha za harusi. Picha ni nzuri, lakini rekodi za pesa hizo zinaweza kusema mengi zaidi. Leo tujifunze kuziweka sawa mapema.

Afisa wa viza anatafuta nini?

Kwa ufupi, maswali ni matatu. Je, ndoa inatambulika kisheria? Je, uhusiano ni wa kweli? Na je, aliye ng'ambo anaweza kumtunza mwenzake?

Swali la mwisho lina vipimo tofauti kila nchi. Uingereza, kwa maombi mapya tangu tarehe 11 Aprili 2024, kipimo cha kawaida ni mapato ya angalau pauni 29,000 kwa mwaka. Marekani kwa kawaida hutaka mapato yafikie asilimia 125 ya kiwango cha umaskini, kulingana na ukubwa wa familia. Kanada, mdhamini hutia saini ahadi ya kumtunza mwenzi wake kwa miaka 3. Hiyo ni kazi ya aliye huko. Maswali mawili ya kwanza mnayajibu pamoja, na sehemu kubwa iko mikononi mwako hapa nyumbani.

1. Ntheo bila cheti haitoshi

Mbuzi wa ntheo wakishafika kwa wazazi wa msichana, Ukambani hiyo ni ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila, lakini inataka isajiliwe. Mnamjulisha Msajili wa Ndoa ndani ya miezi 3 baada ya sherehe, kisha mnaomba cheti ndani ya miezi 6. Wote wawili lazima mfike mbele ya Msajili, kwa hivyo pangeni jambo hili akiwa bado nyumbani, kabla hajapanda ndege. Kama muda umepita, ulizeni sasa, msingoje siku ya viza.

2. Pesa iingie kwa laini yako

Tuseme mume anatuma kwa mama yake Mutomo, naye mama anampa mkaza mwana pesa mkononi. Familia inakula vizuri, lakini rekodi za mke hazionyeshi hata shilingi moja. Pokea kwa laini iliyosajiliwa kwa jina lako, lilingane na kitambulisho na pasipoti. Kama laini yako ina jina la kaka au shangazi, sajili yako mwenyewe.

3. Omba taarifa kamili, usitegemee skrinishoti

Meseji hufutika na simu huibiwa. Omba taarifa ya miamala, ile wengi wetu tunaita stetimenti, ya kipindi chote mnachohitaji. Mwenzako naye atunze risiti za upande wake, ili tarehe na kiasi vilingane. Stetimenti ina siri zako nyingi, kwa hivyo usimpe kila anayejiita ajenti wa viza.

4. Usipike rekodi

Kutumiana pesa mara kumi wiki moja kabla ya kuomba viza hakusaidii, kunazua maswali. Elfu tatu za kila mwezi kwa miaka miwili zinaonyesha maisha halisi. Ongezeni rekodi za simu mnazopigiana, tiketi za safari na picha za familia. Pesa peke yake haithibitishi ndoa.

5. Lipa kwa njia rasmi tu

Huduma za serikali ya Kenya, kama pasipoti na cheti cha tabia njema cha DCI, huombwa kupitia eCitizen, na namba ya paybili ni 222222. Ada za viza hulipwa kwa njia zilizotajwa na ubalozi au idara ya uhamiaji ya nchi husika. Mtu akikuambia utume "ya kuharakisha faili" kwa namba yake binafsi, usitume. Hakuna wakala anayeweza kukuhakikishia viza. Na PIN yako usimpe mtu yeyote, hata sisi hatutakuuliza.

Anza na jambo moja leo: angalia laini unayopokelea pesa imesajiliwa kwa jina la nani. Ikiwa si lako, rekebisha kabla ya mwisho wa mwezi, pesa inayofuata iingie mahali pake.