Mafunzo Niliyopata Nikimfuata Mwongozaji Wilayani Rungwe

Kijana unayetaka kuyaona maziwa na maporomoko ya Rungwe kwa siku moja, siku hiyo inatosha. Njia hizo nimezipita tangu nikiwa na magoti mazuri, na haya ndiyo ningependa uyajue kabla hujafunga kamba za viatu.

1. Anza na Ziwa Ngosi, tena mapema

Wengi hutaka kuanzia Daraja la Mungu, daraja la asili, kwa kuwa gari hufika karibu. Mwongozaji wetu, Mnyakyusa aliyekulia hukohuko, alikataa. Alitutoa Mbeya kungali giza. Tukapanda msituni katikati ya migomba mwitu na mianzi, tope likivuta viatu, mpaka ukingoni mwa kreta, kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Ziwa lilikuwa chini kabisa, la kijani, limetulia. Hatujamaliza chai ya chupa, ukungu ukapanda ukalifunika lote. Wenzetu waliofika baadaye walikuta weupe mtupu.

Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kati ya Juni na Oktoba njia hukauka kidogo, lakini hata miezi hiyo, asubuhi ndiyo yenye ziwa.

2. Uliza maji yanakwenda wapi

Palepale ukingoni nilitafuta kwa macho mto unaoingia Ngosi, kisha unaotoka. Sikuuona hata mmoja. Nikamwuliza mwongozaji, na jibu lake likaibeba siku nzima.

Alisema ziwa hili hunyweshwa na mvua na chemchemi, na maji yake hupenya polepole kwenye miamba ya volkano. Tulikuwa tumesimama juu ya mlima uliolipuka ukadidimia, mahali ambapo matawi ya Bonde la Ufa yanakutana. Moto wa chini bado upo. Ndiyo maana Ngosi ni miongoni mwa maeneo yanayochunguzwa nchini kwa ajili ya umeme wa jotoardhi.

Tulipofika Daraja la Mungu, hakuhitaji kueleza sana. Lava ilipoa ikawa mwamba, na Mto Kiwira unapita chini yake. Mbele kidogo, huko Kijungu, mto uleule unazama kwenye chungu cha mawe na kutokea upande wa pili. Nilishangaa: vituo nilivyodhani havihusiani vilikuwa kazi ya moto mmoja. Ukiwa na swali moja zuri, huhitaji kukariri urefu wa kila poromoko.

3. Mwongozaji akikukataza, usibishane

Pale Kijungu mawe yanateleza na maji yana nguvu kuliko yanavyoonekana. Pia unapita eneo la Magereza, kwa hiyo yeye ndiye ajuaye pa kuripoti na pa kupigia picha. Mtii.

4. Mheshimu kwa anachokijua

Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua kipunji wa Mlima Rungwe, na kwa jina, kabla ya wanasayansi kumtangaza mwaka 2005 kuwa kima mpya kwao. Watafiti walifika kwake kwa kuwasikiliza wenyeji. Tangu nilipoelewa hilo, nimeacha kutembea na mwongozaji kana kwamba ni mwonyesha njia tu. Ninamwuliza mti huu unatibu nini, nani hulima shamba lile la chai, mto huu ulifurika lini. Humjibu vilevile mtoto aliyetoka Dar es Salaam na profesa, na wote wawili huondoka na kitu.

5. Kaporogwe iwe ya mwisho, na malipo yawe ya mwanzo

Poromoko la Kaporogwe lina pango nyuma ya maji, nawe utalowa. Weka nguo kavu garini, na uoge ukimaliza safari zote, si katikati yake.

Fedha zizungumzeni asubuhi: ujira wa mwongozaji, ada ya kijiji, nauli ya gari, chakula chake. Ukiacha jioni, mtakuwa mmechoka na yeye ataona haya kudai. Ukirudi, simama kwenye meza za kando ya barabara ya Tukuyu, ununue ndizi na maparachichi kwa akina mama wanaoyauza. Bei utakayokuta ni ya haki, usiipunguze.