Juu ya nini midomo inapasuka wakati wa joto?



Hapa kwetu Katanga ya kusini, mvua inakwisha karibu na mwezi wa 4, na watu wanaingoja mpaka mwezi wa 10 ao wa 11. Upepo wa kusini-mashariki unakausha hewa. Kisha, katika mwezi wa 9 na wa 10, joto kali linaongezeka juu ya ukavu ule. Ndio wakati tunaona midomo yenye magamba katika kila darasa, na waimbaji wa kwaya wanaogopa kufungua kinywa. Wengine wanasema: ni mambo ya urembo, ya wasichana tu. Hapana. Ni somo la biolojia na la afya ya sisi wote.

1. Midomo iko namna gani?

Ngozi ya uso ina vitundu vidogo vinavyotoa jasho na mafuta. Mafuta hayo yanasaidia maji ya ngozi yasitoke mbio. Midomo haina vitundu vile, na ngozi yake ni nyembamba sana. Haiwezi kujipaka mafuta yenyewe. Maji yake yanakwenda na upepo, ngozi inakazana, halafu inapasuka.

2. Mate si dawa

Mutu akisikia ukavu, analamba. Anapata nafuu kidogo tu. Mate yanakauka upesi, na ukavu unarudi kwa nguvu kuliko kwanza. Tena mate yana amilazi, ile inayoanza kugeuza wanga ya bukari kuwa sukari: kazi yake ni chakula, si kutunza ngozi. Mwenye kulamba kila mara anaweza hata kupata duara nyeusi kuzunguka kinywa. Na kuvuta magamba kwa meno ni kufungua kidonda kipya.

3. Jaribio

Kamata vifuniko viwili vya chupa, vya namna moja. Tia maji mpaka nusu ndani ya kila kimoja. Juu ya kimoja, mimina mafuta ya kupikia mpaka yafunike maji yote. Weka vyote viwili juani. Kile kisicho na mafuta kitakauka mbele. Ndani ya kingine, maji yatabaki chini ya mafuta.

Tunajifunza nini? Mafuta hayaleti maji, yanayazuia yasitoke. Basi, lowesha midomo kwanza kwa maji safi, panguza polepole, kisha paka mafuta mbele ukavu haujarudi. Fanya hivyo asubuhi, kisha kula, na wakati wa kulala.

4. Mafuta gani?

Vaseline inatosha. Robert Chesebrough wa Marekani aliiandikisha katika mwaka 1872, kisha kuona wafanyakazi wa visima vya petroli wakipaka masalio yake juu ya vidonda. Asiyeipata atumie mafuta ya mbarika, ao achanganye kijiko 1 cha nta safi ya nyuki na vijiko 4 vya mafuta ya kula. Tia ndani ya kopo, simamisha kopo katika maji ya moto mpaka nta iyeyuke, koroga, acha ipoe. Dawa zenye mentoli zinaleta ubaridi mutamu, lakini zinaweza kuchoma midomo iliyopasuka.

5. Kunywa na kula

Mafuta peke yake hayatoshi kama mwili hauna maji. Mkojo ukiwa wa rangi nyeusi-manjano, kunywa. Usingoje kiu, zaidi kisha mpira ao kazi ya shamba. Vidonda vya pembeni ya kinywa pengine vinatoka kwa upungufu wa vitamini B2 ao wa chuma: tule maharagi, mayai, samaki, lengalenga na sombe.

6. Kila mutu na kopo lake

Katika chumba cha kulala, kopo moja la mafuta linapita vidole 20. Malengelenge madogo ya mudomo, yanayopenda kutoka wakati wa homa ao kisha jua kali, yanaletwa na virusi, na yanaambukiza. Kugawanya mukate ni upendo. Kugawanya kopo la mafuta ao kikombe wakati wa malengelenge ni kugawanya ugonjwa. Lakini tusimucheke mwenye nayo, wala tusimutungie maneno juu ya mwenendo wake. Watu wengi sana walipata virusi hiyo tangu utoto.

Neno la mwisho

Ndugu zetu maalbino wako katika hatari kubwa kuliko sisi: jua linaweza kuwaletea kansa ya mudomo wa chini. Wavae kofia pana, hata kwenye mustari wa asubuhi. Kidonda cha mudomo kisichopona kwa majuma 3, twende nacho ku dispansari, mutu yeyote awe.

Tunaomba wakubwa wetu mutungi wa maji yaliyochemshwa karibu na kila darasa. Sisi makapita tutaujaza kwa zamu, na hatutaandika jina la mwanafunzi anayetoka kunywa.

Maswali

a) Juu ya nini midomo inakauka mbele ya mashavu?
b) Mafuta yanafanya nini, na hayafanyi nini?
c) Katika chumba chenu, makopo ni mangapi, na watu ni wangapi?