Kumekucha: sarufi ya alfajiri na picha za msitu wa miombo

Katika makala haya ninataka kuonyesha kwamba kitenzi kimoja cha Kiswahili kinaweza kumwongoza mtu anayepiga na kuhariri picha za macheo. Kitenzi hicho ni -cha, tunachokisikia kila siku katika "kumekucha". Mifano yangu inatoka kwenye kambi ya mahema katika msitu wa miombo nje ya Lubumbashi, ambako mwezi wa Oktoba tulikusanya msamiati wa nyakati za siku. Picha zilikuwa sehemu ya kazi: tunamwonyesha msemaji picha, naye anataja wakati. Picha iliyoharibiwa wakati wa kuhaririwa huleta neno lisilo lake, na kosa hilo huingia katika data.

1. Ni nini kinachokucha?

Linganisha "jua limechomoza" na "kumekucha". Katika sentensi ya kwanza kiima ni jua, na li- ya ngeli ya 5 inalirejelea. Katika ya pili jua halimo. Ku- ya kwanza ni kiambishi cha mahali, ngeli ya 17. Ku- ya pili imo kwa sababu shina lina silabi moja tu, kama katika "amekula". Kinachokucha, basi, ni mahali. Ng'ambo ya mpaka tunakuta muundo uleule: kwacha, jina la fedha ya Zambia tangu 1968, katika Kinyanja ni sentensi nzima yenye maana ya "kumekucha".

Hizi ni picha mbili tofauti. Anayepiga "jua limechomoza" anafuata duara la moto, na duara hilo linafanana Katanga na kwingineko. Anayepiga "kumekucha" anatafuta mahali palipoguswa na mwanga: hema lenye umande, moshi wa jiko, miti.

2. Kupanga picha

Viambishi vya njeo vitusaidie kugawa asubuhi.

Kunakucha. Katikati ya Oktoba jua huchomoza Lubumbashi karibu saa 11:45 alfajiri. Uwe umesimama mahali pako saa 11:15. Mwanga huu unatoka anga nzima, hauna vivuli vikali, na hudumu muda mfupi kwa sababu karibu na ikweta jua hupanda wima kuliko Ulaya. Weka kamera au simu juu ya stendi ya miguu mitatu, maana itahitaji muda mrefu kupokea mwanga. Usitazame mashariki peke yake. Geuka: upande wa magharibi mahema na vigogo vinaonekana vizuri.

Jua linachomoza. Hapa msitu una hesabu yake. Miti ya mita 15 iliyo umbali wa mita 100 italificha jua zaidi ya nusu saa baada ya saa iliyoandikwa kwenye simu. Kwa hiyo toka kambini, nenda ukingoni mwa dambo, lile bonde la nyasi lisilo na miti. Upeo wa macho uwe chini, kwenye theluthi ya fremu, na kando uweke kitu cha mahali hapo. Sisi tulichagua kichuguu. Vichuguu vikubwa vya Katanga hufikia mita 8, na mbele ya anga kimoja kinatosha kusema tuko wapi.

Pima mwanga kwenye anga iliyo karibu na jua, si kwenye nyasi. Giza la nyasi unaweza kulipunguza baadaye, lakini sehemu iliyoungua ikawa nyeupe tupu haina tena habari ya kurudisha.

3. Kuhariri

Hapa ndipo kishawishi kilipo: kuongeza rangi ya chungwa mpaka anga iwake. Anza mapema kwa kuifungia kamera rangi ya mchana, karibu Kelvini 5,500. Ukiiacha ichague yenyewe, itajaribu kuiondoa rangi ya alfajiri kana kwamba ni kasoro. Kisha hariri kwa utaratibu huu: nyoosha upeo, punguza mwanga wa anga, inua vivuli kidogo, na rangi iwe ya mwisho.

Jihadhari na majani. Kuanzia Septemba, kabla ya mvua, miti mingi ya miombo huchipua majani mekundu ya rangi ya shaba. Asiyeujua msitu huu atadhani picha imetiwa rangi, naye atayarudisha kwenye kijani. Kufanya hivyo ni kufuta majira ya mwaka.

Ili kupima jambo hili, nilitengeneza nakala mbili za picha moja: ya kwanza yenye ubuluu wa umande, ya pili iliyoongezwa chungwa. Mzee mwenyeji wetu alizitazama, akasema: "Ile ya kwanza, kumekucha. Hii ingine ni ya mangaribi, jua inaingia." Mkewe, aliyeulizwa peke yake, alijibu vilevile. Wana sababu: jioni za kiangazi hubeba moshi na vumbi la mchana kutwa, na wekundu wake ni mzito zaidi. Kwa kusogeza rangi tu, picha ilikuwa imehama kutoka macheo hadi machweo.

Kanuni yangu, basi, ni moja: acha kuhariri pale ambapo mwenyeji bado anaweza kutaja saa.

Zoezi. Piga picha ya uwanja wa kwenu asubuhi tatu mfululizo, saa ileile, bila jua ndani ya fremu. Mwonyeshe bibi au babu yako, umwombe ataje wakati kwa lugha ya nyumbani, kisha utafute kiima. Kibemba, kwa mfano, husema bwacha, chenye bu- ya ngeli ya 14 badala ya kiambishi cha mahali. Lugha ya kwenu inasema ni nini kinachokucha?