Kutunza Jembe: Chuma na Mpini Wake

Mvua za Iramba ni za msimu mmoja tu. Huanza mwezi wa Novemba au Desemba, huisha Aprili au mapema Mei, na katika mkoa wote wa Singida jumla yake kwa mwaka ni kati ya milimita 500 na 800 hivi. Mkulima wa Kiomboi, wa Ndago au wa Kisiriri hana mvua ya pili ya kumlipa alichopoteza katika mvua ya kwanza. Kwa hiyo siku zile chache zinazofuata mvua ya kulowesha ardhi zina thamani kupita siku nyingine zote za mwaka. Mtama uliopandwa mapema hupata maji mpaka kuzaa. Uliochelewa hukutwa na jua ungali na maua. Basi mtu ambaye asubuhi ya siku hizo akuta jembe lake limelegea katika mpini, au makali yake yamekuwa butu kama ukingo wa sahani, hapotezi jembe tu. Apoteza siku, na siku hiyo ina madebe yake ya mtama.

Kwanza yakupasa kuujua udongo wako, maana ndio adui wa jembe lako. Juu uwandani, penye majabali ya matale, udongo aghalabu ni wa kichanga. Mchanga huo ni kama tupa: hula makali kidogo kidogo, hata jembe likabaki fupi kama kiganja. Chini, katika mbuga za upande wa Wembere, udongo ni mweusi wa mfinyanzi, nao hunata. Jembe likirudishwa nyumbani na tope lile, chuma hulala katika maji usiku kucha. Twaweza kusema kwamba jembe la uwandani hufa kwa kulika, na jembe la mbugani hufa kwa kutu.

Kutu hutokea maji na hewa vinapokutana juu ya chuma. Kimoja kikikosekana, kutu haiendelei. Chumvi huiharakisha sana, na katika shamba chumvi zi nyingi kuliko watu wadhanivyo: zimo katika samadi, katika mkojo wa ng'ombe, na zaidi katika mbolea za dukani watumiazo wakulima wa vitunguu. Jembe lililochanganya mbolea hiyo lisipooshwa siku ile ile, utaliona limegeuka rangi kesho yake.

Kila jioni, kabla hujaondoka shambani, kwangua udongo kwa kijiti kigumu. Usitumie jiwe wala usiligonge jembe juu ya jabali, maana makali hupata mapengo na mpini hulegea. Ukifika nyumbani lioshe kwa maji, ulisugue kwa gunzi la mahindi, kisha ulifute kwa kitambaa mpaka likauke kabisa. Kuliosha bila kulikausha ni vibaya kuliko kutoliosha. Ikiwa kutu imekwisha kuingia, isugue kwa mchanga mwembamba na majivu yaliyoloweshwa kidogo, au kwa brashi ya waya.

Kazi hii ina faida nyingine ambayo wengi hawaifikiri. Katika mashamba ya mtama na uwele liko gugu liitwalo kiduha, linyonyalo mizizi ya nafaka chini ya ardhi kabla halijachomoza. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi la tumbaku. Mmea mmoja huzaa maelfu mengi, nazo zaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka 10 zikingoja mtama upandwe. Tope la jembe huzichukua. Mtu akimwazima jirani jembe chafu lililotoka katika shamba lenye kiduha, amempa jirani yake mzigo ambao watoto wake watauvuna. Kwa hiyo likwangue na kulisafisha papo hapo, kabla hujavuka mpaka wa shamba.

Jembe likisha kauka, lipake mafuta kidogo sana. Oili chafu ya magari hufaa kwa chuma peke yake, lakini usiishike kwa mikono mitupu kila siku, kwa kuwa huidhuru ngozi, wala usiipake mpini. Mpini hupakwa mafuta ya alizeti, na nchi hii haina shida ya alizeti. Paka mafuta membamba, sugua kwa kitambaa, acha siku mbili tatu mpaka yaingie, kisha rudia. Usipake mafuta ya nyama: panya huyafuata na kuutafuna mti. Na kitu chochote chenye chumvi usikikaribishe kwenye chuma.

Kunoa ni kazi ya tupa au ya jiwe la kunolea. Lifunge jembe lisitikisike, usukume tupa kwenda mbele tu, na kufuata mteremko uliokuwapo tangu jembe lilipotoka kiwandani. Noa upande mmoja, na upande wa pili ondoa tu vinyweleo vya chuma vilivyojikunja. Mtu atakaye makali membamba kama ya kisu atalijuta jembe lake katika udongo wa changarawe, kwa sababu makali membamba hupinda na kuvunjika. Ukilipeleka kwa fundi mwenye jiwe la umeme, mwambie alitie maji mara kwa mara. Chuma kikigeuka rangi ya buluu, ugumu wake umepotea, na tangu siku ile kitakuwa butu upesi.

Sasa tuje kwenye mpini, maana hapo ndipo majembe mengi yaharibiwapo na wenyewe. Mti ufaao ni ule mgumu unaonyumbuka, wenye nyuzi zilizonyoka tangu mwanzo hata mwisho. Mkole ni mzuri. Mtunduru nao ni mzuri, yaani ule mti wa miiba ambao pwani huitwa mkulajembe. Jina hilo ni la haki, kwa kuwa machipukizi ya mizizi yake huyapiga majembe mapengo mwaka hata mwaka. Si vibaya basi nao ukilipa deni lake kwa kuwa mpini. Kata mti mwezi wa Mei au Juni, mvua zikiisha. Ondoa gome lote ili wadudu watobaoo mti wasipate maficho, paka tope zito kwenye ncha zote mbili zisipasuke, uulaze kivulini mpaka Oktoba. Mpini uliochongwa mbichi husinyaa ndani ya tundu, na jembe huchomoka likipigwa. Jembe lililochomoka lichezapo angani halichagui kati ya mguu wa mwenyewe na kichwa cha mtoto aliye nyuma yake, na jeraha la chuma chenye udongo laweza kuleta pepopunda. Mchongo ukiisha, ulainishe kwa majani makavu ya msasa au kwa karatasi ya msasa, mikono isitoke malengelenge.

Majembe ni ya namna mbili. Mengine yana tundu. Mpini huingizwa humo, na mwisho wake mnene hulikaza tundu zaidi kwa kila pigo. Likilegea, ligonge ardhini kwa upande wa kichwa mpaka likae, na kama pengo ni kubwa, tia kipande cha ngozi kavu au kabari ya mti mgumu. Mengine yana mkia uliochongoka, upenyezwao katika kichwa kinene cha mpini. Tundu la mkia huo hutobolewa kwa moto, nayo ni desturi njema iwapo utapasha ncha ya mkia tu, huku bapa limefungwa kwa matambara yenye maji. Toboa kidogo, acha mti upoe, toboa tena.

Ziko desturi mbili ambazo yafaa ziachwe. Ya kwanza ni kulitia jembe lililolegea katika ndoo ya maji usiku kucha. Ni kweli asubuhi litakuwa limekaza, kwa kuwa mti umevimba. Lakini mti uliovimba ndani ya chuma hauna mahali pa kwenda, nyuzi zake hujibana na kupondeka, na ukikauka husinyaa kuliko hapo kwanza. Kila usiku wa maji waongeza ulegevu wa kesho. Ya pili ni mbaya zaidi, nayo ni kulitupa jembe zima motoni ili kuunguza kipande cha mpini kilichovunjika ndani. Jembe lilipotengenezwa lilipashwa na kupozwa kwa kipimo ili makali yapate ugumu. Moto wa jikoni huuondoa ugumu huo kwa nusu saa. Toa kipande kile kwa patasi, au kitoboe kwa keekee na kukisukuma nje kwa msumari mnene na nyundo. Ni kazi ya nusu saa hiyo hiyo.

Matunzo haya si ya mkulima peke yake. Wachezaji wa gofu wa Uingereza zamani walitumia fimbo zenye kichwa cha chuma na mpini wa mti wa hikori, mpaka mwaka 1929 wakuu wa mchezo huo huko St Andrews waliporuhusu mipini ya chuma cha pua. Nao walizifuta maji baada ya mchezo, na mipini waliipaka mafuta ya kitani kama wewe upakavyo ya alizeti. Tofauti ni kwamba wao, kichwa kikichomoka, walipoteza mchezo tu.

Jembe lisiegemezwe ukutani likigusa ardhi. Mchwa wa Iramba hawahitaji usiku mbili kuumaliza mpini. Litundike juu ya vigingi viwili, ndani ya nyumba pasipovuja, wala si juu ya mafiga, ambapo joto hukausha mti kupita kiasi ukapasuka.

Mwenye plau la ng'ombe afuate hayo hayo, pamoja na jambo moja zaidi. Bapa lile la chuma lipinduapo udongo lazima ling'ae kama kioo. Likishika kutu, udongo hauteleziki tena, hunata, na ng'ombe huvuta mzigo usio na faida. Kwa hiyo siku ya mwisho ya kulima usiliache shambani. Lioshe, likaushe, lipake mafuta mazito bapa na ncha yote, fungua nati zilizolegea na kuzikaza upya, kisha zungusha gurudumu usikilize: likikwaruza, mchanga umeingia penye mhimili, nalo lahitaji kufunguliwa na kusafishwa sasa, wakati wa kiangazi, fundi angali na nafasi.