Usiache Mbachao: Kuhamisha Barua Pepe za Kikundi Bila Kuzipoteza



Somo letu la leo ni juu ya barua pepe za kikundi, na jinsi ya kuzihamisha wakati kompyuta inayozitunza inapowekewa programu mpya. Najua kuna watakaosema, "Hayo ni mambo ya fundi, sisi ni wakulima." Ngojeni kwanza. Zamani katibu alitunza barua kwa faili ya karatasi, na faili ikakaa kabatini. Siku hizi makubaliano na mnunuzi, barua ya ofisi ya kaunti na hesabu za mkaguzi hupitia barua pepe. Barua zikipotea, haki ya kikundi hupotea nazo.

Vikundi vingi hutumia barua pepe za bure za makampuni makubwa. Lakini iko miungano ya vikundi, ofisi za parokia na vyama vya akiba vilivyo na kompyuta yao wenyewe ya kutunza barua, ile mafundi wanaiita seva. Somo hili ni lenu hasa. Na wewe uliye na simu tu, usiende. Mwishoni utapata lako.

YALIYOTUPATA

Mwaka 2016 nilikuwa katika ofisi iliyotunza barua pepe za vikundi 11 ndani ya kompyuta moja ndogo. Kompyuta ilikuwa imezeeka, na programu zake vilevile. Tukaita fundi. Alikuwa kijana mwenye adabu na bidii, wala simlaumu peke yake. Alichomeka diski ya nje, akanakili, akaniambia, "Mwalimu, kila kitu kiko salama. Weka sahihi hapa nianze kazi." Nikaweka sahihi. Sikuuliza swali hata moja.

Akafuta diski ya zamani, akaweka programu mpya. Jioni tukafungua. Masanduku yote 11 yalikuwepo, kila moja na jina lake, na ndani hakuna kitu. Tukarudi kwa diski ya nje. Alikuwa amenakili mipangilio na orodha ya watu. Barua zenyewe zilikuwa mahali pengine ambapo hakupajua.

Katibu wa kikundi kimoja cha wafugaji nyuki alijipa moyo kwamba simu yake bado ina barua. Alipoifungua, simu iliuliza seva, seva ikajibu kwamba hakuna kitu, na simu nayo ikafuta zake.

Sasa sikilizeni hasara yake. Kikundi hicho kilikuwa kimekubaliana na mnunuzi kwa barua pepe, bei shilingi 450 kwa kilo ya asali. Siku ya malipo mnunuzi akalipa 410, akasema hiyo ndiyo bei. Mweka hazina akanijia mbio: "Mwalimu, ile barua si iko kwa kompyuta? Tutolee tumwonyeshe." Sikuwa na la kumjibu. Kilo 310 mara shilingi 40 ni shilingi 12,400. Lakini pesa si ndizo zilizoniuma zaidi. Wanachama walianza kunong'ona kwamba mama yule ndiye aliyekula tofauti. Wawili wakajitoa. Yeye hakula hata senti, na barua ambayo ingemsafisha ndiyo niliyoipoteza kwa sahihi yangu.

HATA WAKUBWA HUTELEZA

Msidhani haya huwapata wadogo tu. Mwezi wa Februari 2011 Google waliweka programu mpya katika hifadhi za Gmail. Programu ilikuwa na kasoro, na asilimia 0.02 hivi ya watumiaji wakakuta masanduku yao matupu. Google walikuwa na nakala nyingine katika vituo vyao, lakini kasoro ilizigusa hizo pia. Kilichowaokoa ni nakala zilizokuwa kwenye tepu, zimewekwa kando, hazijaunganishwa na mtambo. Barua zikarudishwa kutoka huko.

Mwaka 2019 kampuni ya Myspace ya Marekani haikuwa na bahati hiyo. Ilitangaza kwamba katika kuhamia seva mpya, huenda nyimbo, picha na video za zaidi ya miaka mitatu nyuma hazipatikani tena. Kazi za vijana wengi wa muziki zilipotea hivyo.

Tunajifunza nini? Kwanza, nakala iliyounganishwa na mtambo inaweza kufa pamoja na mtambo. Pili, nakala ambayo haijafunguliwa ikasomwa, hiyo bado si nakala. Ni matumaini tu.

SEVA NI NINI?

Fikirini posta ndogo. Yuko karani wa mlangoni anayepokea na kutuma barua, na yuko karani wa masanduku anayempa kila mtu zake. Ndani ya seva nyingi karani wa mlangoni ni programu iitwayo Postfix, na wa masanduku ni Dovecot. Zote mbili hupatikana bure.

Mkihamisha posta hii, kuna vitu vinne vya kubeba:

(a) Barua zenyewe pamoja na viambatisho vyake.
(b) Orodha ya watu na maneno yao ya siri.
(c) Mipangilio ya makarani, pamoja na funguo za muhuri unaoonyesha kwamba barua imetoka kwenu kweli.
(d) Kibao cha njia kule kwenye intaneti, kinachoelekeza barua zije kwa seva gani. Mafundi hukiita rekodi ya MX.

Fundi wetu alibeba (b) na (c), akasahau (a).

HATUA SABA

Hamhitaji kuwa mafundi. Kazi ya kamati ni kuona kila hatua imefanyika kabla ya kuruhusu inayofuata. Chapeni orodha hii, mwekeni alama moja baada ya nyingine.

1. Hesabuni. Kabla ya lolote, fundi atoe idadi ya barua katika kila sanduku, na katibu aiandike kwa daftari. Kama hujui ulikuwa na magunia mangapi, utajuaje moja limeibwa njiani? Ulizeni pia barua ziko katika folda gani, na mwandike.

2. Fanyeni nakala mbili. Moja ibaki karibu, nyingine ikae nyumba tofauti, imechomolewa kabisa. Moto au mwizi akija ofisini asipate zote. Nakala hizo zina siri za watu, kwa hiyo zifungwe kwa neno la siri na zikae kwa mtu anayejulikana.

3. Fungueni nakala. Fundi aiweke kwenye kompyuta nyingine, na katibu mwenyewe asome barua tatu: ya zamani kuliko zote, ya juzi, na moja iliyo na kiambatisho. Zikifunguka, endeleeni. Zisipofunguka, simamisheni kazi hapo hapo, hata kama fundi ana haraka.

4. Jengeni mpya kando ya ya zamani. Mtu anayehamia nyumba mpya habomoi ya zamani kabla ya kulala usiku mmoja kwenye mpya na kuona kama paa linavuja. Hili lina sababu kubwa siku hizi. Dovecot namba 2.4, iliyotoka Januari 2025, haisomi mipangilio ya namba 2.3 kama ilivyo. Lazima iandikwe upya. Anayeweka programu mpya juu ya ile ya zamani anaweza kuamka na posta iliyofungwa. Kama kompyuta mpya haipo, nunueni au mwazime diski nyingine tu, na ya zamani iwekwe kando bila kuguswa.

5. Badilisheni muda wa kibao mapema. Kompyuta za ulimwengu hukariri kibao chenu kwa muda fulani, pengine siku nzima. Siku mbili kabla, fundi aupunguze muda huo hadi dakika 5. Hivyo siku ya kuhama, barua zitaifuata njia mpya upesi.

6. Fungeni mlango, ndipo mnakili mara ya mwisho. Fundi hunakili barua nyingi seva ikiwa bado inafanya kazi. Kisha asimamishe makarani wote wawili, na anakili zile zilizoongezeka. Programu ya rsync hufanya hivyo vizuri, inabeba yale mapya tu. Msiogope kufunga mlango kwa saa chache. Seva inayotuma ikikuta mmefunga, kwa kawaida huitunza barua na kujaribu tena kwa siku kadhaa. Postfix yenyewe hujaribu kwa siku 5 kabla ya kukata tamaa. Hatari iko kwa milango miwili iliyo wazi pamoja, ambapo barua nyingine zinaingia huku na nyingine kule.

Hapa pana mambo mawili madogo ya kumkumbusha fundi. Kila faili lazima ibaki na mwenyewe yule yule, la sivyo barua zitakuwepo na karani hataweza kuzisoma. Pili, ndani ya masanduku kuna vifaili vidogo vya kuhesabu barua, kama kile kiitwacho dovecot-uidlist. Visipobebwa, simu za wanachama zitadhani barua zote ni mpya na kuzivuta tena kutoka mwanzo. Bando ya wiki itaisha asubuhi moja.

7. Hakikisheni pamoja. Hesabuni tena, mlinganishe na daftari, sanduku kwa sanduku. Tumeni barua moja nje, mpokee moja kutoka nje. Angalieni iliyotumwa haikuangukia katika takataka za mpokeaji. Seva mpya ikiwa na anwani mpya ni kama mgeni kijijini, watu hawaiamini mara moja. Fundi arekebishe ile rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu. Wanachama wasifungue barua kwa simu zao mpaka hesabu ikubali.

Baada ya hapo, ya zamani izimwe, iwekwe kabatini angalau mwezi mmoja. Mwezi ukipita bila lalamiko, fundi aifute kabisa mbele ya watu wawili wa kamati. Msiiuze wala kuwapa watoto ikiwa na barua ndani. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inawataka wanaotunza habari za watu wazilinde, na habari hizo zikivuja kwa namna ya kuhatarisha watu, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72.

NA WEWE ULIYE NA SIMU TU

Kanuni ni hiyo hiyo. Simu si nakala, mmeona yaliyompata katibu wetu. Barua inayotaja bei, mkopo, shamba au sahihi, ichapeni siku ile ile na mweke karatasi kwa faili. Kurasa mbili za kuchapisha kwa saiba ni bei ndogo kuliko shilingi 12,400. Na ukinunua simu mpya, usiuze ya zamani kabla hujaziona picha na barua zako ndani ya mpya kwa macho yako.

MWISHO

Ile ofisi ilihama tena mwaka 2022. Safari hii tuliketi na fundi mwingine, daftari mezani, na yule mama mweka hazina nikamwomba awe shahidi. Hatua ya tatu, barua ya zamani kuliko zote ilikataa kufunguka. Fundi akasema, "Hiyo ni moja tu." Mama akamjibu kwa upole, "Kijana, hata yetu ilikuwa moja tu." Fundi akatafuta. Akakuta folda nzima ya mwaka wa kwanza haikunakiliwa. Akairudia kazi, na jioni hesabu ilikubali, masanduku yote.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Seva mpya ni msala. Ya zamani msiiache mpaka mpya iwe mbachao wenu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Barua pepe za kikundi chetu zinatunzwa wapi, na ni nani anayejua neno la siri? Akihama au akifa, itakuwaje?
2. Ni barua gani ambayo tukiikosa leo, tutashindwa kudai haki yetu? Imechapwa?
3. Mara ya mwisho tulifungua nakala yetu lini tukaisoma?
4. Fundi akisema "kila kitu kiko salama", sisi kama kamati tutamwomba atuonyeshe nini kabla ya kuweka sahihi?