SOMO: MBOGA ZA MAJANI NA SUMU YA UKUNGU



Mwenye karafuu hahitaji kufundishwa ubaya wa ukungu. Karafuu isiyokauka vyema hupoteza rangi na bei. Lakini katika mahindi hasara ni kubwa zaidi, kwani ukungu wake waweza kutoa sumu, iitwayo sumukuvu. Nasi wa visiwani twala unga wa bara. Basi na tutazame huko yatokako mahindi.

Chukua mfano wa Kahe, nchi tambarare iliyo chini ya Kilimanjaro, karibu na Moshi. Huko kuna joto kuliko migombani mlimani, na mahindi hupata maji ya mifereji. Mahali pa joto kama hapo, mahindi yakiwekwa ghalani na unyevu, ukungu huota. Si jambo dogo: mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, sumukuvu iliugusha watu 68, na 20 wakafa.

Hata ikiwa kidogo, sumu hii hudhuru polepole. Ikifika katika ini hugeuka, ikazishika chembe za urithi, ambazo ni kama maandishi yanayoongoza kila seli ya mwili. Seli ikigawanyika, maandishi hunakiliwa kwa makosa, na kosa laweza kuzaa saratani ya ini.

Rangi ya kijani ya majani, yaani klorofili, hushikana na sumu hiyo tumboni, hata nyingine ikatoka na choo. Huko Qidong, China, watu 180 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa klorofilini, itengenezwayo kwa klorofili, miligramu 100 mara tatu kwa siku, miezi minne. Matokeo ya mwaka 2001 yalionyesha kuwa dalili za chembe za urithi kudhuriwa, zipimwazo katika mkojo, zilipungua kwa asilimia 55.

Lakini vile vilikuwa vidonge, si sahani ya mchicha, wala waliopata saratani hawakuhesabiwa. Mboga ni msaidizi tu. Ngao ni ukaushaji. Kwa hiyo:

1. Anika mahindi juu ya majamvi, si ardhini, hata unyevu usizidi asilimia 13.

2. Tupa punje zenye ukungu. Usimpe ng'ombe, maana sumu hupita katika maziwa.

3. Usitegemee moto; kupika ugali hakuiondoi sumu.

4. Ugali usikose mchicha au mnavu, ambao watu wa Moshi huuita mnafu.

Aliyezoea kugeuza karafuu juani hatashindwa na mahindi.